Likizo Kando ya Ziwa Kivu: Mtoto wa Maskini Naye Aende Kambini

Msafiri atokaye Kigali kwenda Gisenyi huenda mwendo wa kilomita zipatazo 155 kuelekea kaskazini-magharibi ya Rwanda. Barabara hupanda na kushuka vilima, hupita Musanze chini ya volkano za Virunga, kisha hukata mashamba ya viazi, mahindi na chai. Baada ya kona ya mwisho Ziwa Kivu hutokea mbele, pana na tulivu, na upande wa Kongo huonekana mlima Nyiragongo ambao aghalabu hufuka moshi. Ziwa liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo jua la adhuhuri halichomi kama lile la Dar es Salaam au Mombasa. Halina mamba wala viboko. Ufuko wa mji una mchanga na miti ya kivuli, na jioni wavuvi wa sambaza hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wakawasha taa na kuingia ziwani wakiimba. Samaki hao wadogo, jamaa wa dagaa wa Kigoma, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Tangu mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 wilaya hii huitwa Rubavu, lakini wenyeji wengi wangali wakiuita mji wao Gisenyi. Msemaji wa Kiswahili hatajiona mgeni hapo. Kiswahili kimekuwa mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda tangu 2017. Lakini katika mji huu wa mpakani kilikuwa kikisikika sokoni na barabarani zamani kabla ya sheria hiyo kutungwa, kwani Goma iko hatua chache tu ng'ambo ya pili.

Kati ya Gisenyi na Goma kuna vituo viwili vikuu vya kuvukia. Kile kiitwacho Petite Barrière ndicho cha watu waendao kwa miguu. Kabla ya mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba watu zaidi ya 40,000 walipita hapo kwa siku moja, na wengi wao walikuwa akina mama waliobeba nyanya, vitunguu, kabeji, maziwa, kuku na unga. Biashara hiyo ni ya mtaji mdogo na faida ndogo, na mpaka ukifungwa hata kwa wiki moja, chungu cha nyumbani hupoa. Mwezi Machi 2020 mpaka ulipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, kaya nyingi zilionja shida hiyo.

Habari hii inahusu watoto wa akina mama hao, na watoto wa vibarua, wavuvi na wakulima wa vilima vya juu, katika kipindi ambacho watu wazima hukiona kuwa chepesi, yaani likizo ndefu ya shule.

LIKIZO NI YA NANI?

Hapo zamani mwaka wa masomo wa Rwanda ulianza Januari, na likizo ndefu iliangukia mwisho wa mwaka, wakati wa mvua. Tangu 2021 kalenda imebadilishwa. Masomo sasa huanza mwezi Septemba au karibu yake na kumalizika Julai, na likizo ndefu huja wakati wa kiangazi. Kwa mtu anayetaka kuwakusanya watoto nje, chini ya miti, hapana majira yaliyo bora zaidi.

Lakini likizo hiyo haiwafikii watoto wote kwa sura moja. Mtoto wa mwenye uwezo hupelekwa Kigali kwa jamaa, au huandikishwa katika mafunzo ya kuogelea, muziki na lugha. Mtoto wa muuza nyanya hubaki nyumbani. Mama huondoka alfajiri kwenda mpakani, naye huachiwa mdogo wake mgongoni, dumu la maji mkononi na ufunguo shingoni. Zaidi ya hayo hupoteza kitu ambacho wengi hawakihesabu, nacho ni chakula cha mchana. Mwaka 2021 Rwanda ilipanua mpango wa chakula shuleni uwafikie wanafunzi wa shule zote za serikali na zinazosaidiwa na serikali, tangu awali hadi sekondari. Mlango wa shule ukifungwa, jiko la shule nalo huzimika.

Tena mji wa mpakani una vishawishi vyake. Mtoto asiye na kazi ya kufanya huona fedha zikipita mbele ya macho yake kutwa. Ni rahisi mtu mzima asiye na huruma kumpa furushi apitishe njia za panya, akimwahidi mandazi na sarafu chache. Askari yeyote aliyewahi kulinda mpaka anajua kwamba mbebaji ndiye ashikwaye, na mwenye mzigo hubaki salama nyumbani kwake.

Kwa hiyo wazazi, walimu, makanisa, misikiti na viongozi wa vijana wanapozungumza juu ya kambi ya watoto wakati wa likizo, hawazungumzi juu ya anasa. Wanazungumza juu ya mahali ambapo mtoto atakula, atacheza, atajifunza na kuangaliwa na mtu mzima mwaminifu kwa muda wa wiki mbili au tatu.

NENO ZITO

Ipo shida moja ya awali, nayo imo katika neno lenyewe. Kwa familia ya askari, kambi ni nyumbani, kwani ni mahali pa gwaride, kantini na majirani wa sare moja. Kwa mkazi wa Rubavu, kambi ina kumbukumbu nyingine.

Mwezi Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mamia ya maelfu ya watu walimiminika kupitia Gisenyi kwenda Goma, na kambi kubwa za wakimbizi zikaota juu ya mawe meusi ya volkano, ambako kipindupindu kiliua maelfu. Mei 22, 2021 Nyiragongo ililipuka. Maelfu ya watu wa Goma walivuka usiku kuja Rubavu na magodoro yao kichwani, na matetemeko yaliyofuata yakapasua barabara na kuta za nyumba mjini Gisenyi. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023 mvua kubwa iliufurisha mto Sebeya. Katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini watu zaidi ya 130 walikufa, na wengi waliobomolewa nyumba zao Rubavu walilala katika makambi ya muda. Mwishoni mwa Januari 2025 mapigano yalipofika Goma, risasi na makombora viliangukia upande wa Rubavu na kuua raia.

Mtoto aliyepitia hayo, au aliyesimuliwa na wakubwa wake, akiambiwa, "Kesho utakwenda kambini," aweza kuuliza kwa hofu, "Tunakimbia nini?" Si swali la kuchekwa. Kiongozi mwenye busara hulijibu kwa kuwaeleza watoto na wazazi mapema: kambi iko wapi, nani atakuwapo, watafanya nini, na saa ngapi watarudi. Mtoto anayekwenda mahali akijua saa ya kurudi hakimbii kitu.

MFANO WA WALIOTANGULIA

Fikra ya kuwapeleka watoto maskini likizo si ngeni duniani. Mwaka 1876 mchungaji Walter Bion wa Zurich, Uswisi, aliwachukua watoto 68 wa mitaa ya mafukara akawapeleka milima ya Appenzell wapate hewa safi na chakula cha kutosha. Mwaka uliofuata mpango wa namna hiyo ulianza New York, Marekani, na baadaye nchi nyingi za Ulaya ziliuiga.

Mfano wa pili unawahusu wanajeshi. Agosti 1907 Jenerali Baden-Powell, ambaye amezikwa Nyeri, Kenya, alikofia mwaka 1941, alipiga kambi katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Alichukua wavulana wapatao 20. Baadhi yao walitoka shule za matajiri, na wengine walikuwa wana wa wafanyakazi wa mjini. Ada haikuwa sawa. Mwana wa tajiri alilipiwa pauni moja, na mwana wa mfanyakazi shilingi tatu na pensi sita, yaani chini ya moja ya tano ya pauni hiyo. Wote waliishi katika kambi moja. Katika jambo hilo la ada, jenerali yule alifanya uamuzi ambao hata leo unafaa kuigwa.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake. Mwaka 1959 Geoffrey Griffin, aliyekuwa ofisa katika jeshi la King's African Rifles, alianzisha Starehe Boys' Centre jijini Nairobi pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, kwa ajili ya wavulana wasio na makao. Shule hiyo ilikua kwa kanuni kwamba asiye na uwezo asome bure na mwenye uwezo achangie, na wote wavae sare moja.

Katika wilaya ya Rubavu yenyewe lipo somo la Mugongo. Bibi Rosamond Carr, Mmarekani aliyekuwa amelima maua na pareto huko kwa miaka mingi, alirudi baada ya vita akiwa na umri wa miaka 82, na Desemba 1994 alifungua kituo cha mayatima katika nyumba iliyokuwa ya kukaushia pareto. Alikiita Imbabazi, neno la Kinyarwanda lenye maana ya huruma. Usalama ulipoharibika kituo kilihamia mjini Gisenyi, na mwaka 2005 kilirudi Mugongo. Bibi huyo alifariki mwaka uliofuata.

Mwaka 2000 mpigapicha David Jiranek aliwagawia watoto wa Imbabazi kamera ndogo za bei nafuu na kuwafundisha kupiga picha. Hakuwapanga mbele ya kamera ili wapigwe picha za kuhurumiwa. Wao wenyewe ndio waliotazama na kuchagua. Walipiga picha za rafiki zao, za barabara na za mji wao. Mwaka 2001 msichana wa miaka 8 miongoni mwao alishinda tuzo ya kwanza katika shindano la picha la jarida moja la Marekani, na fedha zilizotokana na picha zilisaidia masomo yao. Somo lake ni wazi. Mtoto maskini akipewa kazi ya kufanya kwa mikono yake, hupata heshima ambayo zawadi ya nguo peke yake haimpi.

KINACHOMZUIA MTOTO

Wafadhili wengi hudhani kwamba wakilipa ada wamemaliza kazi. Huja siku ya kufungua kambi, na nafasi walizolipia zikawa tupu. Ndipo husema wazazi hawajali. Ukweli ni kwamba ada ni kizuizi kimoja tu.

Kizuizi cha kwanza ni kazi ya nyumbani. Msichana wa miaka 12 ndiye yaya wa wadogo zake. Akienda kambini, mama hawezi kwenda mpakani, na asipokwenda hakuna cha kupika. Hapo dawa si kumlaumu mama. Kambi ya mchana, iliyo karibu na mtaa, ianze baada ya saa ya kuteka maji na imalizike kabla ya mama kurejea. Pawe na kivuli na mkeka kwa wadogo waliofuatana na dada zao, na mama mmoja mtu mzima wa kuwaangalia. Rwanda ina desturi inayoweza kuegemewa hapa, kwani mpango wa likizo uitwao Intore mu Biruhuko huwakusanya vijana karibu na makwao kwa michezo, sanaa na mafunzo ya maadili.

Kizuizi cha pili ni aibu. Orodha ya kambi ikisema "leta viatu vya michezo, taulo, mswaki na begi," mtoto asiye navyo hukaa kimya na kusema anaumwa tumbo. Afadhali orodha iwe fupi, na kilicho cha lazima kitolewe kwa wote, fulana moja kwa kila mtoto, sahani moja na kikombe kimoja. Wasichana wakubwa wapatiwe sodo bila kuombwa waseme. Daftari la nani amelipa na nani amesaidiwa likae kwa mtu mmoja, wala lisisomwe hadharani. Mtoto asipigwe picha akipokea msaada.

Kizuizi cha tatu ndicho gharama, nayo ipimwe kwa kipimo cha wenyeji. Tangu Septemba 2022 mchango wa mzazi wa shule ya msingi kwa chakula cha shuleni uliwekwa faranga 975 kwa muhula mzima. Kiasi hicho chamwonyesha mpangaji wa kambi mzazi wa kawaida aliambiwa achangie nini. Anayeomba maelfu mengi kwa wiki moja amekwisha kumfungia mlango mtoto wa kibarua kabla hajabisha. Mwaka 2024 Rwanda ilizindua kampeni ya Dusangire Lunch ili wananchi wachangie chakula cha wanafunzi, hata kwa simu. Kambi ya mtaa yaweza kufuata njia hiyo hiyo. Mwenye kidogo atoe kidogo, mwenye shamba atoe maharage na viazi, mvuvi atoe sambaza, na asiye na kitu aje kupika. Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

ZIWA LINA SHERIA ZAKE

Gisenyi ina mengi ya kumwonyesha mtoto bila gharama kubwa. Kusini mwa mji, upande wa Rubona na Nyamyumba, ziko chemchemi za maji moto. Juu, kuelekea Pfunda, kuna mashamba ya chai na kiwanda chake. Alfajiri mitumbwi ya sambaza hurudi na samaki. Wapo watoto wa vilimani ambao huliona ziwa kila siku kwa mbali, wala hawajawahi kutia mguu ndani yake kwa mchezo. Siku moja ya kuogelea chini ya mwalimu ni jambo watakalosimulia mwaka mzima.

Hata hivyo uzuri wa ziwa usimdanganye kiongozi. Kina chake hufika karibu mita 480, na kando huweza kushuka ghafla. Hapana mtoto kuingia majini pasipo mwogeleaji hodari, wala kupanda mtumbwi bila jaketi la kujiokoa, na watoto wahesabiwe kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Katika eneo hili la volkano, hasa upande wa Goma, kuna hatari iitwayo mazuku. Ni hewa ya ukaa itokayo ardhini, isiyo na rangi na nzito kuliko hewa ya kawaida, ambayo hujikusanya mashimoni na mabondeni na kuua kimya kimya. Mtoto, kwa kimo chake kifupi, hudhurika upesi zaidi. Hema isipigwe shimoni, na wenyeji waulizwe kwanza kuhusu kila bonde.

Hali kadhalika kuna ulinzi dhidi ya watu. Mzazi aelezwe na atoe idhini yake. Mtu mzima mmoja asijitenge na mtoto mmoja faraghani. Wasichana wawe na viongozi wa kike. Mtoto ajulishwe nani wa kumwambia endapo jambo limemsumbua. Mgeni ajaye na pesa nyingi na masharti ya siri asipewe watoto, hata akiwa na maneno matamu namna gani.

FAMILIA ZA ASKARI ZAWEZA KUFANYA NINI?

Msomaji aliye jeshini au polisi anajua mambo mengi ambayo kambi ya watoto inayahitaji, na ambayo hayanunuliwi. Anajua kuchagua mahali pa hema, kuchimba choo mbali na maji, kuchemsha maji ya kunywa, kugawa zamu za jikoni, kufunga jeraha na kuhesabu watu wake kabla ya kulala. Mkewe anajua kupika sufuria kubwa ikawatosha wote. Wiki moja ya likizo yake, ikitolewa kwa mtaa wa jirani, yaweza kuzidi mchango wa fedha.

Ila aache amri za gwaride langoni. Watoto waliokwisha kusikia milio ya bunduki hawahitaji kufokewa. Wanahitaji mpira, ngoma, hadithi za jioni na mtu mzima ambaye neno lake ni moja asubuhi na jioni. Watoto wa askari nao wachanganywe na watoto wa uraiani katika kikosi kimoja, wale sahani za aina moja, waoshe vyombo kwa zamu moja. Baba wa huyu yuko kwenye lindo na mama wa yule yuko mpakani, na wote wawili wanangojewa nyumbani.

Jambo hili haliwezi kungoja mji utulie kabisa, kwa kuwa Gisenyi imekaa kati ya volkano, ziwa na mpaka, na haijulikani ni lini kimoja kati ya hivyo kitatikisika tena. Utoto nao haungoji. Mtoto wa miaka 10 mwaka huu atakuwa na miaka 11 mwakani, amlee nani asimlee nani. Mkono mmoja haulei mwana, wala mtaa mmoja hauwezi kulisha kambi peke yake, lakini mitaa mitatu ikishikana, pamoja na shule moja yenye uwanja na jiko, wiki mbili za Agosti hupatikana.

Watoto wa Rubavu wamekwisha kuzijua kambi za kukimbilia. Wanastahili waijue na hii nyingine, ambayo mtoto huiendea asubuhi kwa hiari yake, na jioni hurudi nyumbani ameshiba, akimfundisha mdogo wake wimbo mpya.